Makerere: Chuo Kati ya Kukariri na Kufikiri

Katika mji wa Kampala, nchini Uganda, kipo kilima kiitwacho Makerere. Juu ya kilima hicho, mwaka 1922, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifungua shule ya ufundi iliyoanza na wanafunzi 14, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kutokana na shule hiyo ndogo kilizaliwa chuo kikuu kilichowalea viongozi, waganga, waandishi na walimu wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2022 chuo hicho kilitimiza miaka 100. Katika muda wote huo limekuwapo shauri moja ambalo halijamalizika: je, msomi ni nani? Ni yule awezaye kurudisha maneno ya mwalimu wake kama alivyoyapokea, au ni yule awezaye kuyapima, kuyauliza na, ikibidi, kuyakataa?

Ndugu wasikilizaji, shauri hilo laweza kudhaniwa kuwa ni la maprofesa na wanafunzi wao, lisilomhusu askari aliye lindoni wala polisi aliye kituoni. Historia ya Makerere yaonyesha kwamba sivyo. Siku ilipofika nchini Uganda ya kuamua kama swali la raia ni haki yake au ni uhaini, waliotumwa kutoa jibu walikuwa watu wenye bunduki. Jibu walilolitoa liliigharimu Uganda damu nyingi, na baadaye likaigharimu Tanzania pia.

Wakoloni hawakufungua shule ile ili Mwafrika apate kufikiri. Walihitaji wasaidizi. Baada ya mafunzo ya ufundi yalifuata mafunzo ya uganga, ya kilimo, ya utabibu wa mifugo na ya ualimu, na karibu kila aliyehitimu alitarajiwa kumsaidia Mzungu aliyekuwa juu yake. Neno hilo msaidizi laeleza elimu yenyewe. Msaidizi hufundishwa namna ya kufanya kazi. Hafundishwi kwa nini kazi ifanywe hivyo, wala nani aliamua ifanywe. Mwaka 1935 chuo kilianza kuwaandaa wanafunzi kwa mtihani wa hati ya sekondari uliotolewa na Chuo Kikuu cha Cambridge, na hivyo kipimo cha akili ya kijana wa Buganda au wa Unyamwezi kikawekwa mbali na macho yake, ng'ambo ya bahari.

Somo kama hilo lilitolewa pia mahali pengine katika miaka hiyohiyo, nalo ni kambi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki walilijua kwa kifupi kama KAR. Huko kijana alifundishwa kusikia amri, kuirudia na kuitimiza. Darasa na kambi vilikuwa ndugu wa baba mmoja. Darasani mwanafunzi mwema alikuwa yule aliyekumbuka; kambini askari mwema alikuwa yule asiyeuliza. Mkoloni alipata faida kwa wote wawili, kwa kuwa karani asiyepima waraka na askari asiyepima amri ni nguzo mbili za utawala wa kigeni.

Mwaka 1945 tume ya Uingereza iliyoongozwa na Asquith ilipendekeza vyuo vya elimu ya juu katika makoloni viunganishwe na Chuo Kikuu cha London. Kwa sababu hiyo, mwaka 1949 Makerere ilifanywa kuwa chuo kishiriki, na wanafunzi wake wakaanza kusomea shahada za London. Haki itendeke katika kuueleza mpango huo. Ulileta heshima, kwa maana hakuna aliyeweza kusema kwamba shahada iliyopatikana Kampala ilikuwa ya bei rahisi. Ulileta pia uaminifu wa mtihani: mtoto wa chifu na mtoto wa mkulima walikaa mbele ya karatasi moja, wala hapakuwa na mjomba wa kumpitisha mmoja wao.

Lakini mpango huo ulikuwa na gharama yake. Mafunzo na maswali ya mtihani yalihitaji kukubaliwa London. Walimu wa Makerere waliweza kuomba mabadiliko, nao waliomba, ila msingi wa jambo haukubadilika: aliyeuliza alikuwa mbali, na aliyejibu alijua kwamba maisha yake yote yanategemea kumridhisha. Mwanafunzi wa fasihi aliwasoma washairi wa Uingereza waliotaja theluji na maua ambayo hakupata kuyaona. Mwanafunzi wa historia aliijua mito ya Ulaya na vita vya wafalme wake kuliko safari za babu zake mwenyewe.

Ni lazima ieleweke jinsi kukariri kunavyozaliwa, kwa sababu mara nyingi lawama humwangukia mwanafunzi pekee, akaitwa mvivu au kasuku. Kukariri ni zao, nalo lina shamba lake. Kwanza, mtihani mmoja wa saa tatu huamua matunda ya mwaka mzima au zaidi. Pili, maswali hufanana na ya miaka iliyopita, hata mwenye bidii akaona faida kuyatabiri kuliko kuyatafakari. Tatu, vitabu huwa vichache, na maelezo ya mhadhiri yakawa ndiyo kitabu chenyewe. Nne, lugha ya kusomea si lugha ya nyumbani, kwa hiyo ni salama zaidi kurudisha sentensi ya mwalimu kama ilivyo kuliko kuunda ya kwako ukakosea. Tano, nyuma ya cheti ipo kazi, nyumba na mshahara, na nyuma ya kijana uko ukoo mzima uliouza ng'ombe ili yeye asome. Mtu aliyezungukwa na mambo hayo matano akikariri, hajapotewa na akili. Ameitumia akili yake kwa jambo ambalo mtihani umemtaka alifanye.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo walitokea pale kilimani watu waliokataa kufungwa na shamba hilo. Julius Nyerere alisoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952. Elimu aliyopewa ilikuwa elimu ya mkoloni. Lakini mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Kuna njia mbili za kumjua Shakespeare. Njia ya kwanza ni kukariri mistari yake ili kumpendeza mtahini. Njia ya pili ni kumchukua, kumpima kwa lugha ya watu wako na kumpa jina litokalo katika mapambano yako, hata mfanyabiashara wa Venice akaitwa bepari. Kitabu ni kilekile, bali tofauti i katika msomaji.

Mfano wa pili unatoka katika hospitali ya Mulago, ambamo wanafunzi wa uganga wa Makerere walipata mafunzo yao. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa pale mtoto mdogo aliyevimba taya zote mbili. Watoto wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kuonekana nchini Uganda, na kila mmoja alitibiwa au kuzikwa kwa jina la ugonjwa lililokuwamo katika vitabu. Burkitt alipomwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo huko Jinja, aliacha kuuliza ugonjwa unaitwaje, akauliza: mbona unawapata watoto hawa, na mahali hapa? Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza swali lilelile. Iligundulika kwamba saratani hiyo ilifuata nchi za joto na mvua, ikakimbia milima yenye baridi. Mwaka 1964 wataalamu wa London waligundua kirusi kipya katika vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kutoka Uganda. Hapakuwapo kitabu ambacho mtu angekikariri akayajua hayo. Yalitoka katika swali lililoulizwa mahali panapohusika, na mtu aliyekubali kusafiri kulitafuta jibu.

Uhuru ulipofika, swali lenyewe lilianza kuhama kutoka London na kurudi nyumbani. Juni 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 1962, waandishi wa Afrika walikuwa wamekutana Makerere kuulizana fasihi ya Mwafrika ni ipi. Mwaka 1966 Okot p'Bitek wa Uganda alitoa utenzi wake wa Song of Lawino, ambamo mke wa kijijini anamlilia mume wake msomi, aliyesoma vitabu vingi hata akawadharau watu wake. Kilio hicho kiliwachoma wasomi wengi, kwa maana kiligusa kasumba yao: kudhani kwamba kujaa maneno ya wengine ndiko kuelimika.

Nchini Kenya shauri hilo lilipata sura iliyo wazi zaidi. Septemba 1968, katika Chuo cha Nairobi, ulitolewa mpango wa kuendeleza Idara ya Kiingereza. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walijibu kwa waraka uliotaka idara hiyo ivunjwe. Hawakudai kwamba vitabu vya Uingereza vichomwe moto. Hoja yao ilikuwa juu ya mahali pa kusimama. Mwanafunzi wa Afrika, walisema, aanze na Afrika, na fasihi simulizi ya watu wake, kisha aende nje kwa duara, akiutazama ulimwengu kutoka kwake. Baada ya mabishano makali idara mpya ya fasihi iliundwa. Waraka huo wa kurasa chache ulifanya jambo ambalo mitihani ya miaka mingi haikulifanya: uliwauliza walimu wenyewe swali ambalo hawakuwa na jibu lake lililoandikwa.

Huko Tanzania, Machi 1967, Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zikuze moyo wa kuuliza, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kukubali au kukataa kwa kupima mahitaji ya nchi. Lakini ukweli lazima usemwe mpaka mwisho. Hata mafundisho ya ukombozi yanaweza kukaririwa. Kijana aliyekuwa akitaja wafalme wa Uingereza bila kuwaelewa aliweza, bila taabu, kutaja maneno ubeberu, unyonyaji na mapinduzi bila kuyaelewa vilevile. Tena serikali za Afrika Mashariki hazikulifurahia kila swali. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi la Cheche lilipigwa marufuku katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waliokuwa wakiliandika waliendelea kusoma, na baadhi yao wakawa walimu wakubwa wa chuo hichohicho. Katika nchi jirani mambo yalikwenda njia nyingine.

Mwaka huo wa 1970 Makerere ilishuhudia jambo linalostahili kukumbukwa. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha siasa Makerere, na Dakta Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa akifundisha historia Dar es Salaam, walibishana hadharani. Rodney alikuwa mjamaa wa Kimarx. Mazrui hakukubaliana na mawazo hayo. Wote wawili walikuwa hodari, na kila mmoja alikuwa na hoja. Msikilizaji hakuweza kuondoka pale na jibu moja la kuandika katika daftari. Ilimlazimu apime mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya chuo kikuu, na siku ile ilifanyika mbele ya macho ya watu.

Hata hivyo mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda. Oktoba 1968 serikali ya Milton Obote ilimkamata Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition lililoanzishwa Kampala mwaka 1961, pamoja na Abu Mayanja, mbunge aliyeandika humo makala ya kuikosoa serikali. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mtawala anayemfunga mwenye kuuliza humwachia atakayemfuata funguo za gereza na mfano wa kuzitumia.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Obote. Amin alikuwa zao la KAR. Aliingia katika jeshi hilo mwaka 1946, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni na Waingereza. Jeshi la mkoloni lilikuwa limemfundisha nguvu na utii. Halikumfundisha mipaka ya nguvu hiyo. Kwa kuwa mkuu wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, Amin akawa Mkuu wa Makerere.

Mwaka 1972 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwezi Agosti Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na miongoni mwa walioondoka walikuwamo walimu na madaktari. Tarehe 21 Septemba Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na askari kutoka katika jengo la mahakama. Mwezi Oktoba alichukuliwa Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere. Wote wawili hawakurudi. Mwaka 1973 Mazrui aliondoka Uganda. Wahadhiri wengi, Waganda na wageni, walikwenda Nairobi, Dar es Salaam, Lusaka na nchi za mbali. Machi 1976 mwanafunzi wa sheria aliuawa karibu na chuo. Agosti mwaka huohuo, wanafunzi walipoandamana, askari waliingia chuoni wakawapiga na kuwaumiza.

Yafaa kutafakari hali ya darasa baada ya siku kama hizo. Mhadhiri anasimama mbele ya vijana, asijue ni yupi kati yao anayepeleka habari. Anajua kwamba aliyekuwa mkuu wake hana hata kaburi linalojulikana. Mtu huyo atafundisha nini? Atafungua daftari lake la zamani na kusoma pole pole, na wanafunzi wataandika. Hatauliza swali, na wao hawataliuliza. Katika mtihani watarudisha yale aliyoyasoma, naye atawapa alama. Kukariri, ambako zamani kulikuwa njia ya kupata kazi, sasa kunakuwa njia ya kubaki hai. London ililea kukariri kwa heshima ya cheti. Amin alikulea kwa hofu ya kifo. Matokeo katika daftari ni mamoja.

Na ugonjwa huo haukubaki darasani. Serikali ambamo wenye kuuliza wamekwisha kuuawa, kufungwa au kukimbia haina tena mtu wa kumzuia mtawala asijidanganye. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera, iliyo kaskazini ya mto, na Amin akatangaza kwamba nchi hiyo sasa ni ya Uganda. Uamuzi huo ulipita bila kupimwa. Mji wa Kampala ulianguka mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Wanavijiji wa Kagera waliouawa na kuporwa, na askari wa Tanzania wasiorudi makwao, walilipa gharama ya nchi jirani iliyokuwa imenyimwa haki ya kuuliza. Si ajabu kwamba mtu aliyeshika urais wa Uganda baada ya nduli huyo alikuwa Profesa Yusuf Lule, aliyekiongoza chuo cha Makerere kabla ya mwaka 1970. Lakini hata yeye alidumu siku 68 tu, kwa kuwa fikra zilizovunjwa kwa miaka minane hazijengwi upya kwa kumweka profesa mmoja Ikulu.

Amani iliporejea polepole baada ya mwaka 1986, Makerere ilikutana na adui wa tatu, naye hakuvaa magwanda. Fedha za serikali zilikuwa haba, majengo yalikuwa yamechakaa, na vitabu vilikuwa vichache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kilianza kupokea wanafunzi wengi wa kujilipia. Jambo hilo lilikuwa na heri yake: vijana ambao wasingepata nafasi walisoma, na chuo kilipata fedha za kukarabati na kulipa mishahara. Idadi ya wanafunzi ilipanda kwa kasi, hata kufikia miaka ya 2000 ikazidi 30,000. Idadi ya walimu na viti haikupanda kwa kiasi hicho. Mwaka 2007 Profesa Mahmood Mamdani, Mganda aliyefundisha katika chuo hichohicho, alichapisha kitabu akionya kwamba biashara ilikuwa ikila kiini cha chuo: masomo yaliundwa kwa kutazama yanayouzika, na ubora ukalipia wingi.

Hapo tena lile shamba la zamani likaota. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia kadhaa katika ukumbi mmoja hawezi kusoma insha ya kila mmoja kwa makini. Atatunga swali linalosahihishika upesi, na swali linalosahihishika upesi ni lile lenye jibu moja la kukumbuka. Mwanafunzi, akiona hivyo, hununua maelezo ya mwaka uliopita yaliyonakiliwa, akayahifadhi, akayamwaga katika mtihani na kuyasahau kabla ya sherehe ya mahafali. Hakuna aliyemtisha kwa bunduki wala aliyemletea maswali kutoka ng'ambo. Uhaba na haraka vimetosha kufanya kazi ileile. Wala si Uganda peke yake; vyuo vingi vya Afrika Mashariki, vya Tanzania vikiwamo, vimejaa kuliko walimu wao.

Basi, je, kukariri kutupwe? Hapana, na askari ndiye ajuaye zaidi kwa nini. Kuruta hufundishwa kuifungua na kuifunga silaha yake hata mikono iweze kuifanya kazi hiyo gizani, kwa sababu wakati wa mapigano hakuna nafasi ya kujadiliana na bunduki. Mganga wa jeshi lazima avijue kwa moyo vipimo vya dawa. Polisi lazima azijue kanuni za ukamataji kabla hajamshika mtu bega. Katika madrasa za pwani mtoto huanza kwa kuhifadhi, na wazee wenye hekima humpeleka mbele hadi tafsiri, wasimwache katika sauti tupu. Kumbukumbu ni ghala. Nyumba isiyo na ghala itashinda njaa, lakini mwenye ghala asiyejua kupika atalala na njaa pia.

Hatari huanza pale mtu anapoambiwa kwamba ghala ndilo elimu yote. Mpelelezi aliyekariri sheria ya ushahidi neno kwa neno, lakini akaletewa maelezo ya mashahidi watano yanayofanana mpaka nukta, asijiulize yamefananaje, atampeleka gerezani mtu asiye na hatia. Ofisa aliyekariri mbinu za vita vya jana atawapeleka vijana wake katika mtego wa leo. Kwata hufundisha miguu kwenda pamoja, nayo ni kazi njema. Haikukusudiwa kufundisha vichwa kwenda pamoja. Jeshi na polisi husimama kwa utii, na utii wa kweli una macho: waijua amri halali, waijua sheria iliyoizaa, na waijua tofauti kati ya adui wa nchi na raia aliyesema jambo lisilompendeza mkubwa. Waliomchukua Kalimuzo walitii pia. Utii wao ulikuwa wa kukariri.

Mafunzo ya Makerere kwa nchi jirani ni haya. Kukariri hakumalizwi kwa hotuba za kuwasuta wanafunzi, kwa sababu hakuanzi kwao. Huanza katika swali la mtihani, katika idadi ya walimu na vitabu, na katika moyo wa mwenye mamlaka. Mtahini akibadili swali, mwanafunzi atabadili namna ya kusoma ndani ya muhula mmoja. Akiulizwa nani alifanya nini mwaka gani, atakariri. Akipewa maelezo mawili yanayopingana juu ya jambo moja na kutakiwa aonyeshe lipi linaaminika na kwa nini, itamlazimu kufikiri. Nchi ikiongeza walimu kadiri inavyoongeza wanafunzi, insha zitasomwa tena. Na mtawala akivumilia kuulizwa, mhadhiri atalifunga daftari lake la zamani.

Vitu hivyo viwili vya kwanza ni kazi ya wizara na vyuo. Cha tatu kina walinzi wake, nao ni hao hao wenye silaha. Siku ambayo askari anasimama katika lango la chuo kikuu, anaweza kuwa amesimama pale kuilinda nchi dhidi ya maswali, au kuyalinda maswali kwa ajili ya nchi. Uganda ilijaribu njia ya kwanza kwa miaka minane. Makaburi ya njia hiyo yako pande zote mbili za mto Kagera.